Kuvumwani ya kisimani na chumvi: homoni inafanya kazi gani hasa?

SWALI: Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni mkulima wa bustani hapa Tongoni, Tanga. Kisima changu kiko karibu na ufuo na maji yake yameingia chumvi, ukionja unaisikia. Maharage na nyanya vinaungua pembeni mwa majani, mchicha nao umedumaa. Lakini kuvumwani (moss kwa Kiingereza) iliyoota kwenye ukingo wa kisima hichohicho, inayorushiwa maji hayohayo kila ninapochota, iko kijani kibichi. Mpwa wangu aliyeko chuo anasema kuvumwani ina homoni ya kuzuia chumvi. Muuza pembejeo naye ana chupa imeandikwa "homoni ya mimea". Je, nisage kuvumwani nimwagilie maji yake, ninunue ile chupa, au niache yote mawili?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe usije ukaingia gharama kabla hujafika mwisho: usisage, na chupa hiyo usiinunue kwa ajili ya chumvi. Mpwa wako hakusema uongo, ila amekupa nusu ya habari. Homoni ipo, kazi yake imeonekana wazi maabara, na kwangu mimi ni miongoni mwa mambo ya ajabu kabisa katika elimu ya mimea. Lakini inachoifanyia kuvumwani sicho unachokitaka wewe kwenye tuta la nyanya.

Chumvi huudhuru mmea kwa njia mbili, moja ya haraka na moja ya polepole. Ya haraka ni kiu. Maji yenye chumvi hayavutiki kirahisi, kwa hiyo mzizi umelowa na mmea bado una kiu. Ndiyo maana mchicha wako umedumaa wakati udongo ni chepechepe. Ya polepole ni sumu. Sodiamu inaingia ndani ya seli na kukalia nafasi ya potasiamu, na vimeng'enya vingi vinavyotegemea potasiamu vinakwama. Kuungua unakokuona pembeni mwa majani ya maharage ndiko huko: maji yamepanda, yametoka kwa mvuke, chumvi imebaki nyuma na kujilimbikiza pale safari ya maji inapoishia, yaani kwenye ncha na kingo. Chunguza utaona majani ya chini, yale ya zamani, ndiyo yaliyotangulia kuungua.

Sasa itazame kuvumwani. Haina mizizi ya kweli, ina rizoidi tu, vinyweleo vya kujishikiza ukutani. Haina mishipa ya kupandishia maji kama ile ya nyanya. Jani lake kwa sehemu kubwa lina unene wa seli moja, na maji huingia popote yanapoligusa. Nyanya angalau ina mzizi unaochuja sehemu ya chumvi mlangoni, tena ina majani ya zamani ya kutupia chumvi iliyopita ili machanga yasalimike. Kuvumwani haina pa kutupia. Kila seli inakutana na chumvi uso kwa uso, na kwa hesabu hiyo ilitakiwa itangulie kufa.

Kuvumwani iliyochunguzwa kuliko zote duniani inaitwa Physcomitrium patens. Maandishi ya miaka ya nyuma huiita Physcomitrella. Ni kimmea cha milimita chache kinachoota kwenye tope la kando ya mabwawa maji yanapopungua. Ukoo unaotumika katika maabara nyingi ulianza na spora moja tu ya mmea uliookotwa Gransden Wood, Uingereza, mwaka 1962, na jenomu yake, yaani orodha ya jeni zake zote, ilichapishwa mwaka 2008, ikiwa ya kwanza katika kundi la kuvumwani. Watafiti huipenda kwa sababu unaweza kuondoa jeni moja unayoitaka, papo hapo ilipo, kisha ukaangalia mmea umepungukiwa na nini. Kimmea hiki kilipowekwa kwenye chumvi ya kawaida kilistahimili hadi milimola 350, ambazo ni kama gramu 20 za chumvi kwa lita moja ya maji. Bahari yetu ina wastani wa gramu 35. Kwa hiyo tunazungumzia chumvi inayopita nusu ya ile ya baharini.

Hapo kwenye neno "kustahimili" naomba tukae kidogo, maana ndipo mambo yote yalipo. Katika chumvi ya namna ile kuvumwani haistawi. Haiongezeki, haichipui, inangoja.

Homoni inayosimamia kungoja huko ni asidi ya absisiki, ambayo wataalamu huifupisha ABA. Iligunduliwa miaka ya 1960 na watu waliokuwa wanatafuta vitu viwili tofauti kabisa: wengine kwa nini vitumba vya pamba hupukutika vikiwa vichanga, wengine kwa nini machipukizi ya miti ya Ulaya hulala msimu wa baridi. Mmea huitengeneza kwa kukata karotenoidi, rangi za ukoo uleule unaoipa karoti na mafuta ya mawese rangi yake. Siku za neema ABA huwa kidogo sana ndani ya seli. Maji yakianza kukimbia seli, iwe kwa jua, kwa baridi kali au kwa chumvi, kiwango chake hupanda.

Namna inavyofanya kazi ilieleweka vizuri baada ya vipokezi vyake kutambuliwa mwaka 2009. Ndani ya seli kuna kimeng'enya ambacho kazi yake siku zote ni kuzima. Kinazizima protini fulani zenye uwezo wa kuwasha jeni za tahadhari. ABA inapofika hushikwa na kipokezi, na kipokezi kikishaishika huenda kukibana kile kizimaji. Waliokuwa wamezimwa wanaamka. Mpangilio huu, kipokezi, kizimaji na kiamshwa, uko kwenye kuvumwani na uko kwenye mpunga, mhogo, mnazi na mchicha wako. Mimea ya nchi kavu iliurithi kutoka kwa wazee wake wa kale, waliotoka kwenye maji baridi kama miaka milioni 450 iliyopita wakakutana na ukame kwa mara ya kwanza.

Zikishawaka jeni hizo, seli ya kuvumwani inajaza sukari, hasa sukrosi, na inatengeneza protini laini zinazozunguka utando na protini nyingine ili zisishikane na kuharibika maji yanapopungua. Kundi mojawapo la protini hizo linaitwa dehidrini. Watafiti waliondoa jeni ya dehidrini moja kwenye Physcomitrium wakaiweka kuvumwani hiyo kwenye chumvi, kisha wakairudisha kwenye maji mazuri. Kuvumwani ya kawaida ilirudi kukua. Ile iliyoondolewa jeni ilishindwa kujirudi sawasawa. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2010, linanivutia zaidi. Physcomitrium ikikaushwa kabisa hufa. Ukiipa ABA kwanza, ndipo uikaushe, inaamka ukiirudishia maji. Lakini ukiondoa jeni iitwayo ABI3, hata uimwagie ABA haiamki tena. Hapo ndipo inapothibitika kwamba homoni hailindi chochote yenyewe. Inaleta habari tu, na kazi ya kulinda inafanywa na vitu vilivyoko ndani ya mmea ambavyo habari hiyo inaviamsha.

Ukipata nafasi ya kuchungulia hadubini, kuna jambo moja ningependa ulione kwa macho yako. Kuvumwani changa huwa nyuzi za kijani, seli ndefu zilizopangana kichwa kwa mkia. Ukiziwekea ABA, baada ya siku kadhaa baadhi ya seli hizo zinafupika, zinakuwa duara, ukuta wake unanenepa na ndani zinajaa matone ya mafuta. Katikati yao seli nyingine chache zinakufa makusudi, uzi ukatike hapo vipandevipande. Kila kipande chenye seli nene sasa ni mbegu ya namna fulani: kitachukuliwa na maji au upepo, kitakaa, na hali ikitulia kitachipua kuvumwani mpya. Mmea umekubali kuvunjika ili usiishe.

Sasa rudi kwenye tuta lako. Mkulima wa nyanya anataka nini? Anataka maua, matunda, uzito. Homoni inayosema "simama, jifunge, ngoja" haimletei hayo. Tena, dada yangu, nyanya yako tayari inayo. Mizizi iliyomo kwenye ule udongo wa chumvi imekwishatengeneza ABA ya kutosha na imekwishafika kwenye majani, ikafunga stomata, vile vitundu vya kupitishia hewa. Stomata zikifungwa maji hayapotei ovyo, lakini na hewa ya ukaa nayo haiingii, usanisinuru unapungua, mmea unadumaa. Sehemu ya kudumaa unakokulalamikia ni kazi ya homoni hiyohiyo unayotaka kuiongeza. Kuvumwani kwenye jani lake haina stomata za kufunga, na hakuna anayeidai kilo za mavuno Ijumaa ya gulio.

Hata ungetaka kujaribu, hesabu inakataa. Ndani ya mimea ABA hupimwa kwa nanogramu, sehemu za bilioni moja za gramu. Tuseme kila gramu ya kuvumwani yako ina nanogramu 100. Maabara, kwa majaribio ya namna niliyoeleza, hutumia maji yenye mikromola 10 au zaidi, ambayo ni kama miligramu 2.6 za ABA kwa lita. Ili upate lita moja ya maji hayo ungehitaji kusaga kilo 26 za kuvumwani na usipoteze hata tone. Ukingo mzima wa kisima haufikishi. Na ukishainyunyizia juani, miale ya jua huigeuza ABA umbo isifanye kazi.

Kuhusu chupa ya dukani, soma lebo. Nyingi zinazouzwa kwa jina la homoni ni za kuhimiza: jiberelini ya kurefusha shina na kukuza tunda, oksini ya kushikisha maua au kuotesha mizizi kwenye vipandikizi, saitokinini ya kuchipuza, au maji ya mwani yaliyochanganywa na virutubisho. Kila moja ina mahali pake. Hakuna hata moja inayoitoa sodiamu kwenye udongo wako, na kuuhimiza ukue mmea uliokosa maji ya kunywa ni kuutwisha mzigo.

Kuna kitu kingine ambacho mpwa wako hakukutajia, nacho si homoni. Kuvumwani ina pampu. Ni protini iliyopachikwa kwenye utando wa seli, inaitwa ENA1, inayotumia nishati ya seli moja kwa moja kuitoa sodiamu nje, kama baharia anayefua maji ngalawani: maji yanaingia, naye anayamwaga, na chombo hakizami. Kuvu na hamira wana pampu za ukoo huo. Mimea yenye maua haina. Ilizikosa njiani, ikabaki na njia nyingine ya kubadilishana sodiamu na hidrojeni. Physcomitrium ikiondolewa jeni ya pampu hii, ukuaji wake kwenye chumvi ya wastani unaharibika. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya mpunga uliopandikizwa jeni hiyo ya kuvumwani, na kwenye chumvi mpunga ule ulibaki na uzito mkubwa kuliko usiopandikizwa. Si mbegu ya kwenda kununua dukani, lakini kama mtu ataniuliza kuvumwani inaweza kumfaa nini mkulima wa pwani siku za mbele, nitamwonyesha pampu kabla ya homoni.

Homoni nyingine nazo zina sehemu yake. Ethilini, gesi ya kuivisha matunda ambayo wauza ndizi wanaifahamu kwa kazi yake hata kama hawaijui kwa jina, katika kuvumwani inakutana na ABA kwenye njia moja ya kupeleka habari za shida. Asidi ya jasmoniki, ambayo mimea yenye maua huitegemea sana inapoumia, Physcomitrium haiitengenezi. Inaishia kwenye hatua ya awali na kuitumia hiyohiyo. Sitaingia ndani zaidi, maana halibadilishi kitu bustanini kwako.

Kuhusu kuvumwani yako mwenyewe: ile ya ukingoni kwako haitakuwa Physcomitrium. Kwenye saruji na mawe ya matumbawe ya pwani yetu, huenda ni ya jenasi Hyophila, inayopenda chokaa na kukunja majani yake kwa ndani ikikauka. Nenda kaikague mchana wa jua kali siku ambayo hujachota. Utaikuta imesinyaa, nyeusinyeusi, utadhani imekufa. Iangushie matone ya maji ya mvua uangalie: baada ya dakika chache majani yamefunguka. Kisha tafuta mahali maji ya ndoo yanapotuama na kukauka yakaacha ukoko mweupe. Pale kuvumwani hukomea; haivuki kuingia kwenye ukoko. Inapostawi ni pale panaposuuzwa na mvua ya masika na vuli. Mchicha wako hausuuzwi. Chumvi ya kila ndoo inabaki tutani ikingoja ya kesho. Kwa hiyo si kweli kwamba wawili hawa wanakunywa chumvi sawa kwa sababu tu maji ni ya kisima kimoja. Na baharini kwenyewe, pamoja na uwezo wote huo, hakuna kuvumwani inayoishi.

Tuje kwenye la kufanya, na nianze na kisima. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Kwa makadirio yanayotumika, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 za maji matamu chini yake. Maana yake ukiyashusha maji ya juu kidogo tu kwa kuchota sana, maji ya bahari yanapanda kwa kasi kutoka chini. Usikichimbe zaidi, na usitie pampu ya kukikausha. Chota kidogo kidogo, asubuhi baada ya kisima kupumzika, kutoka juu.

Umwagiliaji wa vikombe vidogo kila siku ndio unaolimbikiza chumvi. Udongo wa Tongoni wenye mchanga na matumbawe unapitisha maji vizuri, kwa hiyo mara mojamoja mwagilia mengi kuliko mmea unavyohitaji ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Ukiwa na maji ya mvua ya bati, yaweke kwa ajili ya miche, maana mche ndio unaoumia zaidi. Mmea uliokomaa huvumilia. Mwagilia udongo, si majani, na iwe jioni. Tandaza nyasi kavu kupunguza mvuke. Hapa niseme jambo ambalo nimeliona likiharibu bustani za pwani: makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kamba yana chumvi tele, na mwani uliotoka baharini vilevile. Usivitie shambani kabla mvua haijavisuuza barabara.

Kisha badili unachopanda. Vipimo vya kimataifa huonyesha mavuno ya maharage yanaanza kushuka chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa namna inavyopitisha umeme), kitunguu 1.2, pilipili 1.5, nyanya 2.5, mpunga 3, na bitiruti 4. Kwa hiyo maharage ndiyo ya kwanza kuyaacha kwenye matuta yaliyo karibu na ufuo. Kunde zinavumilia kuliko maharage, na mchicha pia, ndiyo maana wako umedumaa bila kufa. Nyanya ihamishie tuta la mbali, na uihudumie kwa maji ya mvua hadi ishike.

Kabla ya kutumia shilingi zaidi, pima. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, huko Muheza, kinashughulikia udongo, na afisa ugani wako anaweza kukuelekeza namna ya kupeleka sampuli. Chukua maji kwenye chupa safi uliyoisuuza mara mbili tatu kwa maji yaleyale ya kisima, uijaze hadi mdomoni. Udongo uchukue kwenye kina cha mizizi, si ule wa juu tu, tuta la karibu na ufuo liwe na mfuko wake na la mbali mfuko wake. Fanya hivyo mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa Februari au Machi mwanzoni, kabla masika hayajafungua. Ukipima Mei, mvua zitakuwa zimeshausuuza udongo, utapewa namba nzuri, na Januari inayofuata majani yataungua tena bila wewe kujua kwa nini.